Kisanduku cha Kumi na Saba

Saa kumi na nusu, na Blaenau giza limeshaingia.
Mvua imeshika zamu tangu Jumatatu.
Watoto wameondoka; kimebaki kiatu kimoja cha mpira
na harufu ya machungwa na soksi mbichi.
Nimeketi kwenye kiti chao, magoti karibu na kidevu,
najaza fomu za tathmini.

Fomu zimekuja kwa lugha mbili,
Kiwelisi kushoto, Kiingereza kulia.
Mabli, miaka minne na miezi miwili,
hana hata moja mdomoni.

Kisanduku cha kumi na saba:
Anahesabu hadi kumi kwa sauti.
Ndiyo. Bado.
Mlango wa tatu hakuna.

Jana nilimtilia Bronek "Bado",
kalamu ikaenda yenyewe, kama punda aliyezoea njia.
Mchana nikamsikia chini ya meza
akiwagawia wanasesere zabibu, kwa Kipolandi,
hadi ishirini na tatu,
na mmoja akarudishwa nyuma ya foleni kwa kusukumana.

Leo ni Mabli.
Asubuhi alikuja na vipande vitano vya mawe mfukoni,
koti limeinama upande mmoja,
kutoka banda la babu yake, Gwilym,
aliyepasua vigae miaka thelathini na mmoja
hadi kifua kikaanza kumdai.
Akavipanga dirishani.
Akachukua kijiko cha uji.
Akagonga cha kwanza, akainamisha sikio:
ngi.
Cha pili: ngi.
Cha tatu: du.
Akakirudia, kwa haki. Du.
Akakitoa kwenye mstari
akakifunika kwa leso yangu,
akaendelea.

Kazi hiyo kila mtu hapa anaijua.
Jiwe zima huimba, lenye ufa huguna,
na lililoguna hutupwa.
Ndiyo maana vilima hivi vyeusi nyuma ya nyumba zetu
si vilima. Ni yaliyokataliwa,
rundo juu ya rundo, tangu enzi za mababu;
kwa kila kigae kilichofika paani
vingi havikufika.
Ukuta wa chekechea hii umejengwa kwa hayo hayo.
Upepo umeujaribu, umechoka.

Bibi Angharad wa ofisi ya wilaya si mtu mbaya.
Huja na biskuti. Huvua viatu mlangoni.
"Mererid," aliniambia, "nafasi tupu haina mdomo.
'Bado' tatu, namleta mtaalamu wa usemi kila Alhamisi.
Ukiniachia wazi, nimpeleke nani, kwa nani?"
Nami nilikuwa nimejiandaa kugombana.
Nikala biskuti.

Basi napima neno lenyewe.
Bado.
Kuna "bado" ya mama anayechungulia sufuria,
na "bado" ya karani anayefunga dirisha,
na zote mbili zinaandikwa vivyo hivyo.

Natia tiki. Bado.
Nasikia kalamu ikigonga meza chini ya karatasi:
du.

Kisha naigeuza fomu ubavu,
naandika pembezoni, pale palipokatazwa kuandikwa:
Aligonga vitano. Alisikiliza. Alirudia kabla ya kuamua.
Chenye ufa hakukitupa.
Kuhusu kumi, muulizeni kwa mawe.
Mtaalamu aje na kijiko.

Maneno yanakosa nafasi,
yanashuka hadi kisanduku cha kumi na nane,
kinachotaka kujua kama anafunga vifungo vya koti mwenyewe.

Anafunga.
Isipokuwa cha juu kabisa;
hicho huninyooshea shingo, anasubiri,
na mimi, kila siku, nachelewa kidogo makusudi.